Mawese Yaliyoganda

Walisema sitamaliza. Walisema mtoto wa mchuuzi wa dagaa kutoka Mwamgongo, aliyeshuka kwenye boti na kaptula moja, hawezi kukaa darasani na watoto wa makarani akaonekana mtu. Mfanyabiashara mmoja pale Kibirizi, soko la dagaa kando ya ziwa, ambaye Jumamosi nilikuwa nikimbebea magunia ya dagaa ili nipate pesa ya madaftari, alikuwa akiwaambia wenzake nikiwa nasikia: "Mtazameni vizuri huyu. Kichwa hiki ni cha kubebea gunia, si cha kubebea hesabu." Walicheka. Nilicheka nao, maana gunia lilikuwa bado kichwani.

Nilimaliza. Nilimaliza sekondari, nikapanda treni, nikasomea ufundi wa maji na nikatoka na diploma. Si cheti cha kuhudhuria semina; diploma. Mtaani kwetu Ujiji hapakuwa na mwingine mwenye nayo, na nilihakikisha kila mtu anajua. Niliporudi, watu walikuwa wakivuka kutoka Burundi na Kongo kwa maelfu, kambi zikifunguliwa moja baada ya nyingine, na mashirika yakitafuta mtu anayejua kuyatoa maji kilimani na kuyafikisha bondeni. Mtu huyo alikuwa mimi. Nililaza mabomba mahali ambapo wataalamu wageni walishasema maji hayatafika. Yalifika. Nikajenga nyumba Gungu, tofali za kuchoma na bati jipya, nikaoa mwalimu, na yule mfanyabiashara wa Kibirizi akaanza kuniita "Bwana Diploma," kwa mdomo uliopinda kidogo.

Nilijitengeneza mwenyewe, na nasema hivyo bila aibu. Kitu kimoja tu sikujitengenezea, nacho ni ugali.

Ugali nilikopeshwa. Nilipokuwa mwanafunzi, kikongwe mmoja wa Ujiji alinikuta nimekaa nje ya uzio wake nikisoma, akaniuliza nimekula nini, nikamwambia nimeshiba. Akasema mtu aliyeshiba hatazami moshi wa jiko la mwenzake kwa macho yale. Alikuwa Mrundi, aliyevuka na mtoto mgongoni miaka mingi kabla ya wakimbizi hawa wapya, na alikuwa akikamua mawese mwenyewe na kuyauza kwa chupa. Siku hiyo alinipakulia ugali wa muhogo na sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, yakielea kwenye mawese mekundu, dagaa juu. Nilipotaka kushukuru alinikatiza, akiniita mwanangu kwa Kirundi.

"Sikupi, mwana wanje. Nakukopesha. Utalipa ukirudi na hayo makaratasi yako."

Ikawa utani wa mtaa mzima. Mama muuza mandazi wa nyumba ya pili akanikopesha, mke wa fundi cherehani akanikopesha. Nilikula kwa zamu kwenye nyumba hizo tatu mpaka nikamaliza shule. Niliporudi na diploma niliwapelekea khanga na sukari, lakini Bibi, yule kikongwe, alisema khanga si ugali. Deni la chakula hulipwa kwa kula, akasema. Kila Jumamosi nije nikae mkekani kwake, watu wanione, wajue mtoto wake amerudi. Nikawa nakwenda. Ndivyo nilivyokuwa nikilipa.

Sasa nieleze lililonipata.

Mkataba wangu ulipofika mwisho, shirika lilitaka kila fundi apimwe afya kabla ya kupewa mwingine. Nilikwenda kwenye zahanati ya kambi nikiwa sina wasiwasi wowote. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nabeba bomba la chuma begani, sijawahi kulazwa. Daktari alikuwa mgeni, Kiswahili chake alikiokota kambini, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. Alinifunga mkanda mkononi, akaujaza upepo, akautazama mshale ukishuka. Akarudia.

"Presha iko juu. Unakula nini?"

Nikamwambia: ugali wa muhogo, dagaa wa chumvi, sombe la mawese.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na mawese mengi?"

"Mawese hayawi mengi, daktari," nikasema, nikicheka.

Yeye hakucheka. Au alicheka, hilo nimelifikiria miaka mingi na bado sijui. Alisema, "Chumvi hiyo, mafuta hayo! Nashangaa bado unatembea." Alipotaka kuendelea, muuguzi aliingia mbio kumwambia malori ya wakimbizi wapya yamefika na kuna mama anajifungua ndani ya lori. Akatoka. Nilikaa kwenye benchi lile nikimsubiri mpaka mfagiaji akaniomba niinue miguu. Niliporudi siku iliyofuata, nikaambiwa amehamishiwa kambi nyingine. Kambi ipi, hakuna aliyejua kwa uhakika.

Nashangaa bado unatembea. Nilitoka na maneno hayo kama mtu aliyepewa barua ya kifo chake.

Baadaye sana daktari mwingine alinikalisha akanieleza taratibu: nipunguze chumvi, mafuta yawe kidogo, nile mboga na samaki, nipime mara kwa mara, nimeze vidonge. Ndivyo ninavyoishi mpaka leo, na sijambo. Lakini huyo alikuja baadaye. Wakati ule nilikuwa peke yangu na sentensi moja.

Na balaa ni kwamba mimi ni mtu wa mabomba. Asiyejua kitu angesahau. Mimi nilijua presha ni nini. Nimeona bomba likipasuka kwa presha, nimeona udongo ukiruka juu kuliko mtu. Nimewahi kukata bomba la zamani nikakuta ndani limejaa uchafu mgumu, tundu limebaki la kupitisha kidole. Asubuhi moja ya Juni, upepo wa baridi ukitoka ziwani, niliingia jikoni nikaona chupa ya mawese imeganda. Niliipindua. Haikumwaga kitu. Mawese yalikuwa mgando wa rangi ya chungwa, kama nta. Nikasimama pale nikiishika, nikaanza kuhesabu kichwani mawese yote niliyokula tangu utoto, na kuona yalipo: yamo ndani ya mishipa yangu, yameganda hivi.

Nikamwambia mke wangu asiweke tena chumvi wala mafuta kwenye chakula changu. Nikaacha dagaa. Nikaacha ugali, maana ugali bila mboga haushuki. Nikabaki na ndizi za kuchemsha na papai. Kisha nikasikia mtu redioni akisema sukari nayo ni mbaya, nikaacha papai.

"Sasa utakula nini?" mke wangu akaniuliza. "Diploma?"

"Ninajaribu kuishi."

"Unajaribu kufa kabla ya wenzako. Mwalimu mkuu ameniuliza leo kama nina mgonjwa nyumbani."

Kidole changu kilihamia kwenye kifundo cha mkono. Nilikuwa napima mapigo nikiwa kwenye mtaro, nikiwa mezani, nikiwa kanisani padri akihubiri. Yakienda mbio, niliogopa. Yakienda pole, niliogopa zaidi, nikingoja lifuatalo. Kifua kilikuwa kinachoma, kichwa kinazunguka, miguu inatetemeka kwenye ngazi ya tangi. Kila dalili niliipokea kama uthibitisho. Kwamba mtu asiyekula atatetemeka, hilo halikunijia kichwani, mimi niliyewafundisha mafundi kumi na wawili kupiga hesabu ya mtelemko wa maji.

Nilimtafuta daktari yule kama mtu anayetafuta mzazi aliyepotea. Niliomba safari za kazi kwenye kambi nisizohusika nazo. Kila zahanati niliulizia. Kambi moja waliniambia ameondoka wiki iliyopita, nyingine hawakumjua. Kulikuwa na madaktari wengine pale, wangeweza kunipima. Sikutaka. Nilitaka yule aliyeyasema ndiye ayatoe.

Nikakonda. Na miaka ile mtu akikonda watu hawakuuliza kitu. Walitazamana. "Bwana Diploma kakanyaga waya," vijana wa Kibirizi walisema nikipita, wakimaanisha ule ugonjwa ambao hakuna aliyetaka kuutaja. Mke wangu alirudi shuleni siku moja amevimba macho. Nilijua ameambiwa nini na sikuwa na nguvu ya kumtetea.

Nilikuwa sijafika kwa Bibi kwa Jumamosi nyingi. Mwishowe alituma mtu: kama nimekufa, aambiwe aje kuzika. Nikaenda.

Alikuwa ametandika mkeka uani. Mama wa mandazi na mke wa fundi cherehani walikuwepo, wanachambua mchele. Bibi aliponiona alishika mdomo.

"Eh, mwana wanje! Wamekufanya ufito?"

Alileta maji ninawe. Akaleta sinia. Ugali ulikuwa unafuka, sombe limekolea mawese, na dagaa aliowakausha mwenyewe kwa chumvi kama ninavyowapenda. Harufu ilinipiga nikahisi machozi. Nilinawa, nikakunja vidole, na hapo nikasikia: nashangaa bado unatembea. Mkono ukasimama.

"Nimeshiba, Bibi."

Wale wanawake wawili waliacha kuchambua.

Msomaji wa mbali lazima aelewe jambo hapa. Kwetu, na kwa Warundi hivyo hivyo, anayekaribisha huonja kwanza. Ukimpa mgeni pombe, unapiga funda moja mbele yake ndipo unamkabidhi, ili aone hakuna sumu ndani. Kwa mtu wa nyumbani halifanywi hilo. Ni la wageni. Bibi hakuwahi kunionjea hata mara moja tangu nilipokuwa na kaptula.

Siku ile alionja. Alikata tonge upande wangu wa ugali, akalichovya palepale ambapo ningechovya mimi, akatafuna taratibu akinitazama machoni, akameza.

"Haya," akasema. "Nimeanza mimi."

"Sivyo, Bibi. Si hilo. Ni daktari."

"Daktari amekuambia nini juu yangu?"

"Hajasema juu yako. Amesema chumvi na mafuta."

"Ya nani?"

Nilianza kueleza presha, nikaeleza mabomba, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mtu anayeficha jambo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunika sinia kwa ungo, akaingia ndani nalo, na hakutoka tena. Mama wa mandazi akanisindikiza kwa macho mpaka kwenye uzio.

Habari haikuchukua muda. Nilikuwa nimekataa chakula hata baada ya kuonjewa, na nimetaja daktari. Watu waliunganisha wenyewe: hospitali wamemwambia amelishwa kitu, na anajua ni nani. Kwa miezi mingi walikuwa wanatafuta sababu ya kukonda kwangu. Sasa walikuwa nayo, na ilikuwa nzuri kuliko ile ya waya, kwa sababu ilikuwa na mtu wa kunyooshewa kidole. Na mtu huyo alikuwa Mrundi.

Hapo ndipo jambo likawa kubwa kuliko kifua changu. Siku zile magari yalikuwa yanapita mjini kuwakusanya Warundi waliokuwa wakiishi mitaani na kuwapeleka kambini, hata waliozeeka hapa. Nani aachwe na nani achukuliwe, ilitegemea sana neno la balozi wa nyumba kumi. Na balozi wa mtaa wa Bibi alikuwa nani? Yule yule mfanyabiashara wa Kibirizi, ambaye nyumba yake ilikuwa hapo Ujiji.

Mke wangu ndiye aliyeniletea. Alitoka shuleni Ujiji kabla ya saa, amebeba viatu mkononi.

"Gari liko mtaa wa juu, linashuka," akasema. "Yule kizee wako amefunga mzigo. Balozi amesema hawezi kumkingia kifua mtu anayelisha watu sumu. Sasa wewe kaa hapo, jipime mapigo."

Nilitoka na baiskeli. Nilishindwa kukanyaga pedeli hata kwenye tambarare, nikawa naikokota, kifua kikipiga mpaka masikioni. Nilisimama mara nyingi njiani nikishika miti ya uzio wa watu. Nilidhani nitafia barabarani, na sitanii. Nilikuwa nimeshaamini kabisa kwamba nimebakiza kidogo. Swali lilikuwa tu kama kitatosha kunifikisha Ujiji.

Kilinifikisha. Uani kwa Bibi watu walikuwa wamejaa. Yeye alikuwa amekaa juu ya mzigo wake, godoro lililokunjwa na madumu ya mawese, lakini sufuria ilikuwa motoni. Mtu alimuuliza kwa nini anapika wakati gari linakuja.

"Nilivuka ziwa na njaa," akajibu. "Safari hii sipandi kitu na njaa."

Balozi aliponiona alipanua mikono. "Bwana Diploma! Umekuja vizuri. Sema mwenyewe mbele ya watu, tumalize. Ulilishwa nini?"

"Sikulishwa kitu."

"Na mbona umekwisha hivyo?"

"Daktari aliniambia..."

"Mnasikia?" akawageukia watu. "Hata mwenyewe anataja daktari."

Nikafunga mdomo. Niliona kwamba maneno yangu yote, pamoja na diploma yangu, yangezidi kumzika. Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho watu wale wangekiamini, na ndicho kitu nilichokuwa nakiogopa kuliko vyote duniani.

"Bibi," nikasema, "naomba chakula."

Hakuinua uso. "Sina chakula cha wasomi."

"Nikopeshe."

"Deni la zamani hujalipa, unataka jipya?"

Mtu akacheka nyuma. Nilikaa chini, kwenye vumbi, maana mkeka ulikuwa ndani ya mzigo. Bibi alichochea moto. Kisha akasonga, akapakua, akaniwekea mbele, na mkono wake ukaja kukata tonge la kuonja. Nikaushika.

"Usionje," nikasema kwa sauti ya kufika kwa balozi. "Mimi si mgeni hapa."

Nikakata tonge kubwa, nikachovya mpaka mawese yakanifika kwenye kiganja, nikaokota dagaa watatu kwa mpigo, nikatia mdomoni.

Sijui niseme nini juu ya chumvi ile. Taya ziliuma. Masikio yalivuma. Nilimeza, na tonge lilipokuwa linashuka ndipo wazo baya kuliko yote likaja: kama daktari alisema kweli, nitaanguka hapa hapa na chakula chake mdomoni, na watu hawa hawatangoja gari. Niliyekuja kumwokoa ndiye nitakayemuua. Na tonge halirudi. Nilikaa pale nikijisikiliza, jasho likinitoka, na sijawahi kuomba kuishi kama nilivyoomba dakika ile, na haikuwa kwa ajili yangu.

"Kula basi," Bibi akasema kwa sauti ndogo. "Usinitazame. Kula."

Nikakata lingine. Na lingine. Tumbo liliniuma kwa kupokea kitu baada ya muda wote ule, lakini niliendelea mpaka nikauona mchoro wa maua ndani ya sahani. Nikapangusa maua kwa tonge la mwisho.

Mama wa mandazi alikuwa ameondoka bila mimi kuona. Alirudi na bakuli la maharage na mandazi mawili. "Na mimi je?" akasema. "Mimi nilikukopesha maji ya kunywa tu?" Nikala. Mke wa fundi cherehani akaleta kipande cha mgebuka, samaki wa ziwa letu, wa kukaanga, akakitupa kwenye sahani kama aliyekasirika. Nikala, na miiba nikaifyonza mbele yao wote.

Honi ililia mwisho wa mtaa. Balozi alikuwa bado amesimama, mikono nyuma. Alimtazama Bibi, akanitazama mimi na midomo yangu iliyopakaa mawese.

"Kichwa hiki," akasema, "kimenisumbua tangu utoto wake." Akatoka kwenda barabarani. Tulisikia anaongea na dereva, hatukusikia anasema nini. Kisha gari likawashwa, likapita mbele ya uzio, vumbi likatuingilia kwenye sahani, na likaendelea.

Bibi alibaki juu ya mzigo wake. Mimi nilikuwa nimeshika kifundo cha mkono, nasikiliza. Aliinuka, akautoa mkono wangu hapo kama unavyomtoa mtoto kidole mdomoni, akanipa madumu nimrudishie ndani.

Nilifika Gungu jua likiwa limeshuka nyuma ya milima ya Kongo. Mke wangu alikuwa mlangoni. Hakuuliza habari ya gari. Aliushika mkono wangu akaugeuza. Juu ya mshipa, pale kidole kilipokuwa kikikaa kila siku, palikuwa na alama nyekundu ya mawese.

"Umekula kwa nani?" akauliza.

"Kwa wote waliokuwa wananidai."

Akaenda jikoni, akaleta chumvi, akaiweka mezani. Kidogo, kwenye kijiko cha chai.